Kuhusu Zile Wiki Tatu za Visima

Kabula mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, kwa hiyo naziruka. Umekwenda Kwihara kumuaga mama mkubwa, ukasema utarudi jua likiwa bado juu. Nyumbani nimebaki mimi, begi lako lililofungwa nusu, na kitabu chako cha fildi hapa mezani. Treni ni kesho. Kitabu kinatakiwa chuoni Jumatatu. Wiki tano za mwanzo zimejaa mwandiko wako na sahihi yangu, mimi msimamizi wako pale karakana. Wiki ya sita, ya saba na ya nane ni kurasa nyeupe.

Jana uliniomba nizijaze na kuzipigia muhuri. Nilisema, "Weka mezani." Ukanikumbatia. Umezoea kuniona nikisema maneno mengi kabla ya kukataa jambo, na jana sikusema mengi, basi ukadhani nimekubali. Sikuwa nimekubali wala kukataa. Ndiyo maana naandika. Nikimaliza barua hii nitakifungua kitabu na kuandika kitu kwenye kurasa zile, na chochote nitakachoandika, sababu zake utazikuta hapa.

Mambo ya kula vizuri, ya kulinda simu ndani ya treni, ya kumpigia shangazi yako ukifika, sitayaandika. Una akili. Michembe yako ya viazi vikavu nimeifunga kwenye kitambaa cha bluu, na hapo ya jikoni yameisha.

Jana ulizungumza vizuri kuliko mimi. Nataka niyarudie maneno yako ili ujue niliyasikia.

"Mama, ni wiki tatu tu."

Ukavuta kiti ukaketi.

"Wiki tatu zenyewe nilikuwa wapi? Nilikuwa hapa. Nilikuwa nakuosha kidonda. Ulitaka nikuache na usaha wako niende kushika spana?"

Ukaendelea:

"Wenzangu wawili hawajawahi hata kuuona mlango wa karakana. Wamesainiwa wiki zote nane, wako nyumbani wanaangalia mpira. Mimi nimefanya tano za kweli. Nisipopeleka zote narudia fildi mwakani, namaliza chuo nyuma ya wenzangu." Halafu ukasema lile la mwisho, ukicheka kidogo ili lisionekane kali: "Unawaandikia nchi nzima kurasa kwa kurasa. Mwanao wa kumzaa humwandikii mistari mitatu?"

Hakuna neno la uongo humo. Nilipopasuliwa kidole tumbo na kidonda kikachafuka, ni wewe uliyenigeuza kitandani, ni wewe uliyenipa uji kwa kijiko nikiwa nimekasirika kama mtoto. Karakana iliendelea bila wewe kwa sababu yangu. Katika watu wote wanaonidai jambo, wewe unatangulia, na unachotaka ni sahihi yangu tu.

Watu wananijua kwa moto. Nimegombana na wakurugenzi, na wahadhiri, na padri mmoja na shehe mmoja katika wiki moja. Nimepata barua tatu za onyo kwa sababu ya makala zangu gazetini, na zote tatu nimezijibu kwa makala. Lakini leo moto huo sina. Nimekaa tangu ulipotoka, nimesikia muadhini wa adhuhuri, nimesikia wa alasiri, na mkono wangu uko juu ya kitabu chako kama mkono wa mtu mwingine. Siyo huzuni. Huzuni naijua. Hii ni ganzi, na ninayo tangu mwaka juzi, na hakuna aliyeiona kwa sababu mdomo wangu uliendelea kufanya kazi.

Nianze mbali kidogo.

Nilipomaliza chuo cha ufundi nilikuwa na alama nzuri kuliko wavulana wote wa darasa langu, na nilihakikisha kila mmoja anajua. Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Bukene. Pampu ya kisima kirefu ilikuwa imefungwa mpya, inanguruma vizuri, lakini maji yanatoka kidogo, kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Nikafungua kitabu. Nikapiga hesabu za kina cha kisima, za urefu wa bomba, za msuguano ndani ya bomba. Hesabu zikasema bomba linavuja chini. Nikawaamrisha vibarua walitoe bomba lote, kipande kwa kipande, siku mbili, wanawake wa pale wakiwa wamekaa na ndoo zao wakituangalia. Hakukuwa na tundu hata la sindano. Tukalirudisha. Maji yakatoka kidogo vilevile.

Aliyekuwa anawasha pampu hiyo alikuwa mzee mmoja ambaye shule aliiacha mapema sana. Siku zote mbili alikuwa amekaa kwenye gogo akila karanga. Siku ya tatu akaniambia, "Binti, naweza kusema neno?"

Nikamwambia, "Sema, mzee."

"Inazunguka kinyume hiyo. Geuza nyaya mbili."

Nilimwuliza kwa nini hakusema tangu juzi. Akanijibu, "Ulikuwa unasoma. Mtu anaposoma hasumbuliwi."

Nikabadilisha nyaya mbili. Maji yakajaa bomba zima. Wanawake walishangilia, na mzee akarudi kwenye karanga zake. Mimi nilijifunga kanga usoni nikajifanya nakinga vumbi.

Kutoka pale nikawa adui wa elimu ya makaratasi, kama unavyonijua. Niliandika kwamba tunawafundisha vijana kuogelea ubaoni. Niliandika kuhusu vyuo vinavyowatuma wanafunzi wa uhandisi kwenye maofisi wakachemshe chai na kupanga mafaili wiki nane, kisha wanarudi na alama nzuri. Niliandika habari za babu zetu wapagazi, unaikumbuka makala hiyo, uliikata ukaiweka kwenye daftari lako ukiwa kidato cha pili. Kwamba Mnyamwezi aliyekwenda pwani mara ya kwanza hakupewa mzigo mzito. Alipewa mkeka na sufuria, akapangwa nyuma ya mtu aliyekwisha kwenda mara nyingi, akaangalia anavyofunga mzigo kwenye mti wa panda, anavyouegemeza bila kuinama, anavyokunywa maji na anapokataa kunywa. Safari ya pili mzigo ukaongezwa. Hakuna aliyeandikiwa kwamba amefika pwani kama hakufika. Wenzake walikuwa wanamwona miguu.

Makala hiyo ilibandikwa ukutani pale karakana, iko hadi leo, imeliwa na jua. Watu waliipenda. Mimi pia niliipenda. Sasa nikueleze nilichokuwa nimeshafanya wakati naiandika.

Alikuja kijana wa fildi kutoka Dar es Salaam, anaitwa Athumani. Mzaramo. Siku ya kwanza tu alipojua mimi ni Mnyamwezi akapiga makofi, akasema, "Alhamdulillahi, nimefika kwa wachukuzi wangu." Nami nikamwambia, "Karibu, ila huku mzigo wako utaubeba mwenyewe." Tangu siku hiyo hapakuwa na kazi isiyo na matusi. Akichelewa nilisema Mzaramo ameamkia kwenye ngoma. Nikikosea kipimo alisema Mnyamwezi akitua mzigo akili inabaki mzigoni. Unaujua utani wetu na wao, lakini kizazi chenu mnadhani ni mizaha tu. Kwetu una sheria. Mtani akichukua kitu chako huwezi kumkasirikia. Ukikasirika umeshindwa, na watu wote watajua umeshindwa.

Fundi Luhende, mkuu wa mafundi wetu wa visima, aliutumia utani huo kazini, na hili nataka ulielewe vizuri, kwa sababu lilikuwa kwenye wiki zako tatu na hukuliona. Kuanzia wiki ya sita anawapeleka wanafunzi kwenye visima vifupi, vile vilivyochimbwa kwa mikono na kujengewa pete za zege. Anayeshuka anafungwa kamba kiunoni na kifuani. Watu wawili wanabaki juu wameishika. Na kuna sharti moja: aliye chini haruhusiwi kunyamaza. Anaongea tangu anaposhuka mpaka anapotoka. Akinyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi tano, anavutwa juu, hata kama alikuwa anafunga skrubu ya mwisho. Hewa mbaya ya kisimani haigongi mlango. Mtu anasinzia tu, na wa juu wanadhani anafikiri.

Lakini mtu ataongea nini nusu saa gizani? Ndugu wakikaa kisimani maneno yanawaishia. Kwa hiyo Luhende anapanga watani. Mnyamwezi akiwa chini, Mzaramo au Mgogo anakaa juu. Mimi niliposhuka mara ya kwanza, juu alikuwa fundi mmoja Mzaramo, akaniuliza, "Mnyamwezi, umefika Bagamoyo?" Nikamwambia nimefika, nimemkuta mama yake anauza vitumbua vibichi. Akasema vitumbua hivyo ndivyo vilivyowanunua babu zangu. Tukaendelea hivyo hadi nikafunga vali na kutoka. Nilikuwa sijui kama ninaogopa. Hiyo ndiyo kazi ya wiki ya sita, Kabula. Haimo kwenye vitabu vyako na sijui kama itakuja kuwamo.

Athumani alifanya wiki tano. Ijumaa ya wiki ya tano akaingia ofisini kwangu saa ya chai, mafundi wote wapo. Akauchukua muhuri wangu juu ya meza akautia mfukoni, akaketi.

"Mtani," akasema, "huu nimeuteka."

"Unautaka wa nini, huko kwenu mna kazi ya kupigia muhuri?"

"Dada yangu anaolewa. Nikienda harusini sirudi tena huku, nauli ya kurudia sina. Nijazie wiki tatu, nikurudishie mali yako."

Nikamwambia, "Mzaramo, umekuja kutafuta elimu au pilau?"

Akawageukia mafundi. "Jamani, mnamsikia? Babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, wakapanda milima, wakavuka mito. Huyu mjukuu kalamu inamlemea."

Wakacheka wote. Nami nikamjibu, "Na babu zako walikuwa wamekaa pwani wanasubiri kubebewa. Tazama, mpaka leo mtu anatoka kwao kuja kubebewa wiki tatu."

Hapo karakana nzima ilishika mbavu. Luhende alitoka nje akacheke. Athumani mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, akanyoosha mikono kama mtu aliyepigwa mieleka. Nilikuwa nimemshinda. Na aliyeshinda utani anatoa. Hivyo ndivyo ilivyo, hakuna aliyenilazimisha, nilikuwa na furaha. Nikasema, "Lete hicho kitabu."

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu, hata baba yako. Sikusaini tu. Niliandika. Mimi ni mwandishi, Kabula, na mwandishi akidanganya anadanganya vizuri. Nilibadilisha kalamu, bluu, nyeusi, kisha bluu nyingine iliyofifia, ili ionekane ni siku tofauti. Wiki ya saba nikaweka kosa dogo la kipimo na kulisahihisha pembeni, kwa sababu kitabu kisicho na kosa kinatiliwa shaka. Na kwenye wiki ya sita nikaandika: "Ameshuka kisimani kwa kamba mara nne. Mtulivu, anafuata taratibu, anaweza kuachiwa kazi." Nilikisoma tena nikaona kimekaa sawa. Nikakipiga muhuri.

Mwezi uliofuata nikaandika ile makala ya wapagazi.

Sikuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Hilo ndilo linalonishangaza, kama bado kuna kitu kinanishangaza. Siyo kwamba nilijificha. Nilikuwa nawalaani watu wa mbali, na hapa mezani kwangu palikuwa na mtani ninayempenda, kwa hiyo sikuona kuwa ni jambo lile lile. Wanaosaini uongo niliwafikiria kama watu wabaya. Siku ile nilikuwa mtu mzuri, mwenye ukarimu, na watu walikuwa wanacheka.

Athumani alihitimu, akapata kazi kwenye kampuni ndogo ya visima, mkoa mwingine. Alikuwa ananipigia simu sikukuu zote kunitukana. Mwaka juzi walikuwa wanasafisha kisima kimoja kifupi. Maji yalikuwa chini sana, pampu ya petroli haikuweza kuyavuta ikiwa juu, basi waliishusha wakaiweka kwenye ubao, katikati ya kisima. Ikafanya kazi muda, ikazima. Athumani akavua viatu akashuka kwenda kuiwasha. Hakujifunga kamba. Sumu ya moshi wa injini ilikuwa imejaa mle na haionekani. Juu walikuwepo vibarua wawili wenye nguvu za kutosha kumvuta. Aliponyamaza walidhani anaiangalia injini. Wakamsubiri. Nani atamwambia injinia asikae kimya?

Msiba ulikuwa kwao, na mimi nilikwenda. Uliniona nikiondoka, nilikuambia naenda kwenye semina.

Kwenye msiba wa Wazaramo mtani ana kazi yake. Wanaume walikuwa wamekwenda makaburini, mimi nikapokelewa uani kwa wanawake. Bibi yake Athumani, mama wa baba yake, alipoambiwa nimetoka Tabora akasema, "Mchukuzi wetu amekuja. Mpisheni." Wakanipisha. Wakanipa shati lake la kazi na kofia yake ngumu ya plastiki, nivae nimwigize, nitembee kama yeye, niongee kama yeye, niwatukane, wafiwa wacheke kidogo kifua kifunguke. Ndiyo desturi. Hawakukosea. Hakuna mtu aliyekuwa anajua matusi ya Athumani kuliko mimi.

Nikavaa shati. Nikasimama katikati ya uwanja na wanawake wote wananitazama, wengine wameshaanza kutabasamu kwa kunitia moyo. Mdomo haukufunguka. Mimi, Kabula, ambaye nilimjibu mkurugenzi mbele ya wageni wake. Sikulia, sikuongea. Nilisimama tu na kofia mkononi.

Yule bibi akaona aniokoe, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Ehe. Leo mzigo umemshinda Mnyamwezi."

Wanawake wakacheka. Walicheka vizuri, kwa upole, na mmoja akanivua shati akanikalisha. Utani ulikuwa umefanyika. Nimeyasikia maneno hayo kila siku tangu hapo, na sijui hata kama yananiuma.

Baadaye mama yake aliniita chumbani. Alikuwa ametoa vitu vya Athumani kwenye sanduku. Akanionyesha kitabu kile cha fildi, amekitia kwenye mfuko wa nailoni kisichakae. "Alikuwa anasema Tabora ndiko alikofundishwa visima," akaniambia. "Mwandiko wako mzuri, dada." Akakifungua kwenye ukurasa wa wiki ya sita, akanisomea. Mara nne. Mtulivu. Anaweza kuachiwa kazi.

Nilisema, "Alikuwa kijana mzuri." Hayo tu.

Sijamwambia. Anaishi, namba yake ninayo, sikukuu ananitumia salamu. Kila nikijiandaa kumwambia najiuliza namwambia kwa faida yake au yangu, na kabla sijapata jibu siku imekwisha. Usidhani ninakuandikia wewe badala yake. Deni lake liko palepale na wewe halikuhusu.

Kuna watakaokuambia kwamba hata angeshuka na kamba ya Luhende mara nne angeweza kusahau. Nimejiambia hivyo pia. Inawezekana. Kuna watu waliofundishwa vizuri wakafa, na kuna wasiojua kitu wanaozeeka. Lakini mimi niliandika kwamba anaweza kuachiwa kazi, na mtu mahali fulani akasoma, akamwachia.

Sasa turudi kwako, maana ni wewe uliye na treni.

Wewe si Athumani. Yeye alikuwa anakwenda kula pilau, wewe ulikuwa unaniosha. Ukipima kwa haki, wewe unastahili kuliko yeye, na kuliko hao wenzako wawili wanaoangalia mpira. Hilo nimelizungusha kichwani mchana kutwa. Na kila nikilizungusha linaishia pale pale: kustahili kwako hakukushushi kisimani. Ungekuwa umekosa wiki za kupaka rangi au za kuhesabu stoo, sijui ningefanya nini, labda ningeandika na kujipa sababu nzuri. Ulizozikosa ni za visima. Na wewe ni mtoto wangu, najua ulivyo: ukiwa kazini na injini ikazima, hutamwita mtu. Utavua viatu.

Vilevile najua ninachokufanyia. Chuo kinaweza kukuambia urudie fildi yote mwakani. Wenzako watavaa majoho na wewe utakuwa unawapiga picha. Utasema mama amekula wiki zangu tatu alipokuwa anaumwa, na alipopona akala mwaka. Utakuwa unasema kweli. Nimeiacha barua hii kidogo nikawaandikia chuo barua tofauti, iko ndani ya kitabu, kuwaomba wakuruhusu ufidie wiki hizo tatu mwezi wa kumi na mbili hapa hapa. Luhende nimempigia simu sasa hivi, amesema atakungoja. Alichosema hasa ni, "Mlete, kuna Mgogo mpya mdomo wake mchafu sana, watafaana." Msimamizi wako hatakuwa mimi. Haikutakiwa kuwa mimi tangu mwanzo, hilo nalo ni kosa langu, nilitaka nikuone kila siku. Kama chuo watakubali au watakataa, sijui. Sina mtu wa kumpigia simu huko, na ningekuwa naye nisingempigia.

Nilifikiri nikitie kitabu chini ya nguo zako, ukikute treni ikiwa imeshafika mbali. Ni rahisi, na ningekuwa nimelala wakati unalia. Sikufanya hivyo. Barua na kitabu vitakuwa hapa mezani utakapoingia, na mimi nitakuwa kwenye kiti hiki. Soma. Ukitaka kunigombeza nigombeze hapa, nina mdomo, labda utafunguka. Ukitaka kukaa kimya usiende chumbani. Kaa kimya hapa nikikuona.

Nimekifungua kitabu sasa. Nimetumia kalamu moja, ile nyeusi, kwa kurasa zote tatu, na maneno ni haya:

"Wiki ya sita, ya saba na ya nane. Hakuwepo kazini. Alikuwa nyumbani akimuuguza msimamizi wake, na aliifanya kazi hiyo vizuri sana. Hajashuka kisimani. Asiachiwe kazi ya kisima mpaka ashushwe kwa kamba mbele ya fundi, akiongea."

Nimepiga muhuri, nimeweka sahihi. Ni hii hii ninayoiweka hapa chini.

Nyamizi, mama yako.